Nukta Mbili Kando ya Namba

Benchi lenyewe liliundwa kwa mbao za kreti iliyoleta mashine ya leza kiwandani, na hilo peke yake lilitosha kumkera Mzee Chapa kila alipolikalia. Lilikuwa kwenye kona, mkabala na geti la kiwanda cha injini, katikati ya gereji ya Spana na kibanda cha kinyozi waliyempa jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia. Kwenye ubao mmoja bado ulionekana mshale mweusi uliosema upande huu juu, na sasa ulielekea barabarani. Mama Birika aliweka jiko lake la mkaa mwisho wa benchi, mahali pasipo na upepo, na tangu saa tatu asubuhi mpaka kahawa iishe, hapo ndipo mambo yote ya dunia yalipoamuliwa. Kesho yake yaliamuliwa upya.

Mzee Chapa alikalia pembe ya karibu na jiko. Hakuna aliyempangia pale, lakini ole wake mgeni ambaye angepakalia. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amepiga namba kwenye injini, mle ndani ya geti, kwa nyundo na chapa za chuma, mpaka ilipokuja leza na kumwambia apumzike. Miaka minne sasa alikuwa anapumzika, na kupumzika kulikuwa kumemchosha kabisa.

Jumatano hiyo alifika na koti limepigwa pasi. Si kwamba sherehe yenyewe ilikuwa Jumatano. Sherehe ilikuwa Ijumaa. Alikuwa analizoesha koti. Meneja alikuwa amemwandikia barua kwamba kiwanda kinazindua mashine ya pili ya leza, na katika sherehe hiyo Mzee Chapa atakabidhi nyundo yake iwekwe kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Juu ya kabati itatundikwa picha yake, na chini ya picha yataandikwa maneno: Miaka thelathini na moja bila kosa hata moja. Redio alikuwa ameisoma barua ile kwa sauti mara tatu tangu Jumatatu, kila mara akiongeza chumvi kidogo, na siku hiyo aliifikisha mahali ambapo kiwanda kizima kilikuwa karibu kupewa jina la mzee.

Mama Birika ndiye aliyechokoza. Akauliza hivi hiyo leza yenyewe ni kitu gani hasa, maana kila siku wanaitaja na yeye hajawahi kuiona.

— Ni kuchomelea tu, dada, alisema Spana huku akijifuta grisi kwenye suruali ambayo ilikuwa na grisi zaidi ya mikono yake. Ni mchomeleaji aliyepelekwa chuo.

— Wewe hujui kitu, alisema Redio. Mteja wangu mmoja, shemeji yake anafagia mle ndani. Kasema ule mwanga hauchomi. Unakiambia chuma. Unakinong'oneza jina lake, basi chuma hakisahau tena.

— Chuma kina masikio?

— Kama hakina masikio, mbona ukikigonga kinaitika?

Spana akanywa kahawa. Kisha akaja na lake. Alisema siku hizi leza haiandiki namba tu. Kwenye fimbo za pistoni na kwenye shafti inachora kamraba kadogo, kadogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, kamejaa vidoti, na mle ndani ya vidoti kuna maisha yote ya hicho chuma: kimeyeyushwa lini, nani alikuwa zamu, hata idadi ya mafundi waliokifungua na kumdanganya mwenye gari.

— Ndiyo maana unakaogopa, alisema Mama Birika.

Redio hakukubali kupitwa. Alisema vile vidoti vinaongea na satelaiti. Mtu akilala mahali ambapo hakutakiwa kulala, mkewe anapiga simu kiwandani, anataja namba ya gari, anaambiwa mtaa na mlango. Tena wale vijana wanaosimama karibu na ule mwanga, ndevu zao zimegoma kuota. Yeye kama kinyozi ameshaliona hilo kwenye biashara. Wiki nzima kiwanda kile hakijamletea hata kidevu kimoja.

Mzee Chapa alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye koti la Ijumaa. Alizipenda porojo hizi kuliko alivyokubali kusema. Yeye mwenyewe aliwahi kuruhusiwa kuiona leza mara moja, kupitia kioo. Kipande cha injini kilikuja chenyewe kwenye mkanda, kikasimama. Mwanga mdogo ukatembea juu yake, ukitoa mlio wa nzi aliyenaswa kwenye chupa, moshi mwembamba ukanyonywa juu, na namba ikawa tayari. Sekunde tatu. Kamera ikaitazama namba, ikaridhika, kipande kikaondoka. Chuma hakikubonyea hata kidogo. Ilikuwa kazi safi, hakuna wa kuisema vibaya, na mzee alitoka pale akiwa na huzuni siku mbili nzima. Kilichomwumiza si kasi. Kilichomwumiza ni kwamba hakuna mtu aliyemwambia mtu neno.

Maana zamani namba ilipigwa na watu wawili. Kulikuwa na msomaji na mpigaji. Msomaji alishika daftari na kusoma tarakimu moja moja kwa sauti. Mpigaji aliirudia, akachukua chapa, akaisimamisha juu ya bloku ya injini, akaipiga nyundo moja. Mbili. Mbili. Pa. Saba. Saba. Pa. Nyundo ilikuwa moja tu, kwani ukipiga mara ya pili namba inaota kivuli. Mwishoni kila mpigaji aliweka alama yake kando ya namba, ili ajulikane. Walikuwa wanne. Mmoja aliweka kistari, mwingine nukta moja, mwingine msalaba. Za Mzee Chapa zilikuwa nukta mbili. Kwa miaka ishirini na sita msomaji wake alikuwa mwanamke mmoja, na kwa ishirini na tano kati ya hiyo mwanamke huyo alikuwa mkewe. Mwaka wa pili huu tangu amzike. Mama Birika, aliyekuwa shoga yake, mpaka leo alimwita mzee shemeji, na kahawa yake aliijaza mpaka ukingoni.

Walikuwa wamefika kwenye ndevu za meneja, kama nazo zimeguswa na leza, pale mwanamke mmoja alipotoka getini na kuvuka barabara akiwaelekea. Alikuwa wa miaka arobaini hivi, amebeba mkoba wa plastiki wenye karatasi. Unga ulikuwa umemkaa kwenye nyusi na kwenye mishono ya viatu, ule unga wa mtu anayeshinda kwenye mashine ya kusaga, ambao hautoki hata kwa maji ya kuoga. Alisalimia vizuri. Mama Birika akamsogezea kigoda na kikombe kabla hajaomba.

Akaeleza shida yake. Ana mashine ya kusaga nafaka, aliyoachiwa na mama yake. Injini yake ilitengenezwa kiwanda hiki wakati yeye akiwa darasa la tatu. Sasa kiwanda kimeingiza madaftari yote ya zamani kwenye kompyuta, ile iliyokuja na leza, na wakaguzi wanapita kila mahali kulinganisha. Hati aliyoiacha mama inasema injini ni namba mbili saba moja tisa. Injini yenyewe imepigwa mbili saba moja sita. Na mbili saba moja sita halisi ipo, inasukuma maji kwenye shamba la mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo wakaguzi wameandika kwamba ya kwake ni ya wizi, namba imeghushiwa. Wameifunga kwa waya na risasi ya muhuri. Wiki ya tatu hii hasagi, na wafanyakazi wake wawili wamekaa nyumbani.

— Ofisini wanasema nini? aliuliza Spana.

— Wanasema kompyuta haina makosa. Labda aje aliyeipiga, akubali kwa sahihi yake kwamba ilitoka humu hivi hivi. Nikauliza nitampata wapi. Mlinzi akaniambia, waulize wale wa kwenye benchi.

Akatoa karatasi laini. Alikuwa ameilaza juu ya bloku akaisugua kwa penseli, na namba ikajitokeza nyeupe kwenye weusi, wazi kabisa. Karatasi ikaanza kwa Spana. Spana alikuwa amefungua injini nyingi kuliko milango. Aliitazama, akaisogeza karibu na jicho, na kando ya ile sita akaziona nukta mbili. Mikono yake ikatulia. Hakumtazama mzee. Alimpa Redio karatasi, Redio akaziona, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze ikawa kimya bila mtu kufa.

Kisha wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja, kama watu waliopangana. Spana alisema nukta si kitu, mtu yeyote mwenye msumari na jiwe anaweza kuiga nukta. Redio akasema tena wezi wa injini wanajulikana, wana chapa zao, wana nyundo zao, wana hata darasa la kujifunza mkono wa kila mpigaji. Spana akasema yeye ameshakutana na injini iliyobadilishwa namba mara nne. Redio akasema mara nne ni chache, kuna kundi zima la watu wanaofanya kazi hiyo chini ya ardhi. Walikuwa wanazungumza kwa haraka, na hakuna aliyeangalia upande wa pembe ya karibu na jiko. Walikuwa wanailinda Ijumaa ya mzee, na walikuwa wanailinda kwa upendo. Lakini kila neno lililomlinda mzee lilimgandamiza yule mwanamke.

— Kwa hiyo mama yangu alinunua kitu cha wizi, alisema mwanamke. Au aliiba mwenyewe?

Mama Birika alishika mpini wa birika na kubaki ameushika.

Mzee Chapa akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Hakuhitaji kuisogeza karibu na jicho. Alikuwa ameijua tangu zilipotajwa tarakimu, na tangu hapo moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa kijana, nusu kwa hofu, nusu kwa furaha ambayo asingeweza kumweleza mtu. Alipitisha kidole gumba juu ya ile sita. Angeweza kunyamaza. Ijumaa ingepita, picha ingetundikwa, na mama huyu angerudi kwake na mkoba wake.

— Ni mimi, alisema.

— Mzee, alianza Redio.

— Nyamaza kidogo, mwanangu. Ni mimi niliyeipiga. Hakuna wizi hapo.

Akamweleza mwanamke taratibu, na wengine wakasikiliza. Kwenye sanduku la chapa za namba, alisema, chapa ni tisa, si kumi. Ya sita na ya tisa ni moja, inageuzwa tu. Ubavuni ina mchirizi mdogo. Mchirizi ukigusa kidole gumba, unapiga sita. Ukiwa upande wa pili, unapiga tisa. Hilo anafundishwa mwanafunzi siku ya kwanza, na yeye wakati huo alikuwa na miaka mitano kazini, anapiga amefumba macho.

— Asubuhi hiyo waliniletea msomaji mpya. Binti kutoka ofisi ya kumbukumbu, daftari kalikumbatia kifuani, penseli kaichomeka kwenye nywele. Akaanza kusoma. Mimi nilikuwa nimezoea wasomaji wanaofoka. Huyu alikuwa anasoma kama anaulizia njia. Mbili, nikasema mbili. Saba, nikasema saba. Moja. Akasema tisa, nikainua macho kumtazama, naye alikuwa ananitazama. Mdomo wangu ulisema tisa. Mkono ukapiga sita.



Alisema alikuja kugundua mchana, yuko katikati ya chakula. Kidole gumba kilimkumbusha. Kilikuwa kinaukumbuka ule mchirizi. Alikimbia uani, akakuta lori lililobeba injini limeshaondoka. Alikaa miezi sita akingoja kuitwa ofisini. Hakuitwa. Na siku alipoona hawezi tena kumficha yule binti chochote, kwa sababu walikuwa wameshapelekana kwa wazazi, alimwambia. Binti akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe aliiona palepale. Aliiona ile sita inapigwa, akaogopa kusema kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kwanza, na daftarini akaandika tisa kama alivyosoma.

— Tukaipa jina, alisema mzee. Tulikuwa tunaiita mtoto wetu wa kwanza. Hata hawa wa kweli walipozaliwa, yule ndiye aliyebaki kifungua mimba. Tukiwa safarini, tukisikia injini inanguruma mbali, mashine ya unga au pampu, alikuwa ananishika mkono nisimame. Ananiambia, sikiliza, labda ndiye. Miaka yote hiyo. Hatukumwambia mtu.

— Aliniambia mimi, alisema Mama Birika taratibu. Akaniapisha, shemeji. Nisingesema hata ungekufa.

Mzee Chapa alimgeukia, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa na kutabasamu. Alikuwa amedhani kwamba sasa ni yeye peke yake duniani anayeikumbuka asubuhi ile. Kusikia kwamba mkewe aliitoa nje, akamsimulia shoga yake, labda hapa hapa huku wakicheka, kulimfanya aone kama amerudishiwa kitu.

Redio alijikuna shingo. Aliuliza kwa sauti ndogo kuhusu Ijumaa, yale maneno ya chini ya picha. Mzee alisema nyundo wataipata, ni nyundo nzuri. Maneno watayafuta, na wasipotaka kuyafuta, yeye atabaki hapa kwenye benchi siku hiyo, akinywa kahawa na koti lake. Halafu akamrudia mwanamke, akamuuliza alilotaka kuuliza tangu mwanzo.

— Niambie ukweli. Inawaka?

— Inawaka kwa mzungusho mmoja, mzee wangu. Hata asubuhi ya baridi. Mafundi wanaikuta inanidai mafuta tu. Ina mngurumo wake mmoja hivi, kila baada ya muda kama inakohoa. Mama alisema isitengenezwe kikohozi, mtaa mzima unajua tumefungua kwa kile kikohozi.

Mzee alifumba macho. Alitamani kuuliza habari za kikohozi siku nzima. Mama Birika akawamiminia wote, na birika likaishia kwenye kikombe cha Spana, nusu kahawa, nusu masimbi, akanywa hivyo hivyo.

Mwanamke alitoa fomu kutoka kwenye mkoba, akailaza juu ya benchi, akaipapasa inyooke. Palikuwa na mistari miwili chini. Wa kwanza uliandikwa mpiga namba. Mzee Chapa aliazima kalamu ya Redio, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, akibonyeza mpaka karatasi ikatoboka kidogo, na mwishoni akaweka nukta mbili. Mwanamke aliitazama sahihi ile, akapumua kwa nguvu, machozi yakamlenga. Alishukuru, akambariki na watoto wake. Alikuwa sasa na haraka ya mtu aliyefunguliwa. Akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

— Na hapa wanataka msomaji. Huyo mama nimkute wapi, baba? Nielekeze tu nyumbani, niende sasa hivi kabla ofisi haijafunga.

Spana akatazama ndani ya kikombe. Redio, ambaye hakuwahi kukosa jibu la swali lolote tangu azaliwe, alifungua mdomo, akaufunga. Mama Birika alivuta ncha ya khanga akaishika mdomoni.

Mzee Chapa alilijua neno la kusema. Alikuwa amelisema kwa mamia ya watu siku za msiba, mmoja mmoja, wakimpa mkono. Sasa lilimgomea. Mwanamke aliwatazama usoni kila mmoja, akaelewa, akaanza kuiondoa fomu polepole kwa aibu, lakini mzee akaizuia kwa kiganja.

— Wanaweza kudhani ni yeye, alisema. Wataona daftari lina tisa, chuma kina sita, watasema msomaji alikosea. Kaa, uandike hapo kwenye mstari wake. Andika kwamba msomaji alisoma vizuri. Alisoma tisa. Nilimsikia.